Altrasaundi imeonyesha uvimbe, je lazima nitolewe kizazi?

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36, nauza dagaa Mwaloni Kirumba ila nimezaliwa na kukulia Ukerewe. Huu mwaka wote nikiingia mwezini natoka damu hadi siku tisa, mabonge mabonge, pedi haihimili. Nimetibiwa UTI, taifodi nayo mara kibao, juzi nimepiga altrasaundi karatasi inasema uvimbe wa 5 cm ndani ya nyama ya kizazi. Tumbo limejaa hadi watu wananiuliza mimba ya miezi mingapi, nasikia uzito kushoto chini ya mbavu, na choo saa zingine kina damu. Kuna dada anauza dawa ya kuyeyusha uvimbe laki na nusu, wifi yangu naye anasema hospitali watanitoa kizazi. Nifanyeje, maana bado nataka mtoto?

JIBU: Marahaba mama, pole sana. Hiyo laki na nusu iweke kwanza. Dawa ya kunywa ya mitishamba iliyothibitika kuyeyusha faibroidi, yaani huo uvimbe wa nyama ya kizazi, hakuna, ila uvimbe huu wenyewe hunywea mwanamke akikoma hedhi na mara nyingine baada ya kujifungua, sasa muuzaji akibahatika kukutana na mteja wa hivyo basi ushuhuda ameshaupata.

Faibroidi karibu zote sio kansa, na wanawake wengi wanazo wala hawajui. Damu nyingi na mabonge, hayo ndiyo mambo yake. Lakini uvimbe wa 5 cm ni kama limau, na limau haliwezi kukupa tumbo la mimba ya miezi mitano! Halafu kizazi kinakaa chini, kikikua kinapanda kutokea kwenye kinena, hakianzii chini ya mbavu za kushoto, huko ni kwa bandama. Mtu aliyekulia Ukerewe akioga na kufua ziwani, ana uzito upande wa bandama na choo chenye damu, mimi nawaza kichocho cha tumbo kabla sijawaza kingine, kwa sababu kikikaa miaka kinaharibu ini, bandama linavimba na tumbo linaweza kujaa maji. Wewe ulivyopimwa kizazi peke yake nani angeliona bandama?

Kwa hiyo nenda hospitali ya Sekou Toure hapo Mwanza au kituo cha afya cha karibu wakupe rufaa, waambie yote mawili, usiishie kwenye hedhi. Omba kipimo cha mimba, choo, HB (wingi wa damu), na altrasaundi ya tumbo zima. HB ya mwanamke asiye mjamzito ikiwa chini ya 12 una upungufu wa damu, utapewa vidonge vya madini ya chuma, usivimeze na chai. Kichocho kikithibitika dawa ni prazikwanteli, wanakupima uzito ndio wanajua vidonge vingapi, ila ukirudi kusimama kwenye maji yale yale unakipata tena. Diklofenaki za dukani achana nazo kwa sasa. Na ile taifodi ya kila mwezi, kipimo cha Widal kinaweza kusoma hata ugonjwa uliopona zamani, mimi sikiamini sana.

Sasa wifi. Kutoa kizazi ni njia mojawapo tu, tena ni ya aliyemaliza kuzaa au aliyeshindikana kwa njia nyingine. Wewe unaweza kuanza na traneksamiki asidi, dawa ya kupunguza damu, siku za hedhi, hiyo haizuii kushika mimba ila aandike daktari, na ikigoma kuna upasuaji wa kutoa uvimbe peke yake kizazi kikabaki. Ukweli ni kwamba uvimbe mwingine unaweza kuota baadaye, na ukija kupata mimba unaweza kuambiwa ujifungue kwa kisu, inategemea walikata wapi.

Ukilowanisha pedi kila saa, ukizimia, au ukitapika damu, usisubiri kliniki wala rufaa, chukua bajaji uende hospitali ya Bugando usiku huo huo.