Chagua NAS kwa kuifikiria siku diski itakapokufa

Wiki hii msomaji mmoja ameniandikia: "Kaka, nimechoka na diski za nje, nataka NAS kubwa ya picha zangu zote. Ninunue ipi?" NAS ni sanduku la diski kadhaa linalounganishwa kwenye mtandao wako, na yeye kaambatanisha orodha ya masanduku matano ya namna hiyo na kasi za prosesa zake. Hakutaja ana picha kiasi gani, wala diski moja ikifa itakuwaje. Tuanzie hapo, maana mimi nilianzia hapo na sijawahi kujuta.

Wapiga picha wenzangu walinicheka. Msimu ule wao walikuwa wananunua lenzi, mimi nanunua diski. Mmoja alisema mbele ya mteja kwamba natupa hela kwenye kabati la nyaya, na neno lile bado linaniuma. Lakini mwezi uliopita kampuni niliyoipigia picha za bidhaa miaka mingi nyuma ilitaka faili asilia, zichapwe upya kwenye mabango. Nikafungua folda ya mwaka ule, RAW zote, yaani faili ghafi za kamera, zikafunguka, zikatumwa kabla ya jioni. Wakalipia haki ya matumizi upya. Aliyenicheka alipiga kazi ya namna hiyohiyo kwa kampuni hiyohiyo, na faili zake hazipo tena.

Basi piga hesabu yako. RAW ya kamera ya megapikseli 45, iliyobanwa bila kupoteza ubora, hucheza kwenye megabaiti 50 hivi. Kazi moja ya picha 2,000 ni gigabaiti 100. Kazi 80 kwa mwaka ni terabaiti 8, bado hujahesabu faili kubwa za TIFF za kuhariri wala video. Diski sita za terabaiti 16 kwenye RAID 6, mpangilio unaounganisha diski na kutenga ujazo wa mbili kwa ajili ya kinga, zinakupa terabaiti 64, na Windows itakuonyesha kama 58 kwa sababu ya namna inavyohesabu. Usidhani umeibiwa.

Kwa nini RAID 6 na si RAID 5? RAID 5 inavumilia kifo cha diski moja, RAID 6 mbili. Ukiweka diski mpya ya terabaiti 16 badala ya iliyokufa, sanduku hujijenga upya kwa kuijaza, na hata ikiandikwa kwa megabaiti 200 kwa sekunde bila kupumzika, ni saa 22. Ukiendelea na kazi zako, inaweza kuchukua siku kadhaa. Muda wote huo diski zilizobaki zinasomwa mwanzo hadi mwisho, nazo ni rika moja na ile iliyokufa. Mimi sitaki kulala na wasiwasi huo. Yangu moja ilipokufa, sanduku lililia, taa ikageuka ya rangi ya chungwa, nikatoa trei na kuingiza diski ya akiba iliyokuwa kwenye droo. Kila trei nimeibandika karatasi yenye namba ya diski yake, kwa sababu kuchomoa kwa pupa diski isiyo na tatizo ni msiba wa pili. Niliendelea kuhariri mchana uleule.

Diski zenyewe ziwe za CMR, yaani zinazoandika mistari bila kulaliana. Zile za SMR huandika mistari ikilaliana kama vigae, na siku ya kujijenga upya zinaburuta hadi sanduku linaweza kuzikataa. Mwaka 2020 ilibainika kwamba Western Digital walikuwa wakiuza baadhi ya diski za WD Red, zilizokusudiwa NAS, zikiwa za SMR bila kusema. Kwa hiyo soma karatasi ya vipimo ya modeli kamili, usiamini rangi ya lebo.

Prosesa isikuumize kichwa. Kinachobana ni mtandao. Laini ya gigabiti 1 inapitisha kama megabaiti 110 kwa sekunde, hivyo ile kazi ya gigabaiti 100 itakuchukua robo saa. Tafuta sanduku lenye gigabiti 10, au nafasi ya kuongeza kadi yake, pamoja na swichi na kebo za Cat6A. Ukitumia Lightroom Classic kupanga na kuhariri picha, katalogi, yaani faili inayotunza orodha ya picha na mabadiliko yake, ibaki kwenye SSD (diski ya kasi) ya kompyuta, kwani programu hiyo haikubali katalogi iliyo kwenye diski ya mtandao. Picha zenyewe ndizo zikae kwenye NAS.

Sasa nisikilize vizuri, ndugu yangu. RAID si nakala rudufu. Januari 2022 kirusi cha DeadBolt kilifunga faili kwenye masanduku ya NAS ya kampuni ya QNAP yaliyoachwa wazi kwa intaneti, wadukuzi wakadai bitcoin 0.03 kwa kila mwathirika. RAID haikuokoa hata picha moja, maana kazi yake ni kutunza kilichoandikwa, kiwe kizima au kimeharibiwa. Peter Krogh, mpiga picha mwenzetu, ndiye aliyeieneza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye aina mbili za vyombo, moja ikae mahali pengine. Mteja amekukabidhi siku yake isiyorudi. Huna haki ya kuiweka rehani kwenye sanduku moja.

Kwenye orodha yako, ondoa yote yenye nafasi nne tu za diski. Mawili yanayobaki, chukua lenye gigabiti 10, na bajeti ya sanduku la pili, la nakala, itoke siku hiyohiyo. Hela isipotosha, anza na diski chache kwenye lile kubwa, nafasi nyingine utazijaza baadaye. La nakala usiliahirishe.