Kila Mgeni Ana Dawa Yake ya Sukari

Swali la wiki hii limeuliza: "Umegundulika una kisukari, na sasa ndugu, majirani na wafanyakazi wenzako kila mmoja ana ushauri wa chakula na dawa ambao hukumwomba. Unawajibuje?" Nafanya kazi kwenye kliniki ya sukari na presha, na kabla ya kujibu lolote ningekuomba utazame kwanza ushauri wenyewe unakutaka ufanye nini. Kuna unaokutaka uongeze kitu, kuna unaokutaka upunguze kitu, na kuna unaokutaka uache dawa. Watu wengi wanaumia kwa sababu wanaipokea mitatu hiyo kwa upole uleule.

Nianze na huo wa kuacha dawa, maana ndio unaoua. Unaosikika zaidi ni huu, juu ya metformin, kidonge cha kisukari kinachotumiwa na wengi: "Hizo metformin zinaharibu figo." Haziharibu. Kinachoharibu figo ni sukari na presha zilizokaa juu miaka mingi. Figo zikishachoka, daktari hupunguza metformin au huiondoa kabisa, kwa kuwa dawa hiyo hutoka mwilini kupitia figo. Jirani anamwona mgonjwa wa figo ameondolewa metformin, anaunganisha mambo mawili, na uvumi unapata miguu. Mweleze hivyo mara moja, ukimaliza badilisha mazungumzo.

Kwa anayeishi kwa insulini hakuna hata hayo maelezo ya mara moja. Mtoto au kijana mwenye kisukari aina ya kwanza mwili wake hautengenezi insulini. Akikosa sindano siku mbili tatu, wakati mwingine hata chini ya hapo, damu inajaa asidi, anatapika, anahema kwa nguvu, anapoteza fahamu. Kabla insulini haijaanza kutumika kwa binadamu mwaka 1922, hakukuwa na mlo wala mzizi uliowaokoa watoto hao. Anayekuja na habari za "kumpumzisha mtoto na sindano" aambiwe hapana, hata kama ni mkubwa wa ukoo.

Tanzania tunaikumbuka Loliondo. Mwaka 2011 magari yalipanga foleni ya kilomita na kilomita kuelekea kijiji cha Samunge, watu wakanywe kikombe cha dawa cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Wapo waliotolewa wodini kupelekwa huko, na wapo waliorudi wakiamini wamepona wakaacha dawa za sukari, za presha, hata ARV. Waliowapeleka hawakuwa maadui zao. Walikuwa watoto wao, waume zao, dada zao waliochanga nauli. Ndiyo maana nasisitiza: mapenzi ya mtu kwako hayapimi usahihi wa anachokushauri, na unaweza kuukataa ushauri bila kumkataa aliyeutoa. Sema, "Dawa siachi, shangazi. Mengine nakusikiliza." Sababu usiongeze. Ukitoa sababu moja, ataijibu, na mtakesha.

Ushauri wa kuongeza kitu ndio mwingi kuliko yote: maji ya bamia, mdalasini, mlonge, karela (tango chungu), kitunguu saumu, unga wa mbegu ya parachichi, asali. Hapa watu wanakosea kwa kusema "nitajaribu". Neno hilo ni ahadi. Wiki ijayo utaletewa chupa nyumbani, na wiki inayofuata utaulizwa imefika wapi. Badala ya kuahidi, uliza, tena kwa adabu zote: Ni jani gani hasa, na ni kiasi gani kwa siku? Huyo aliyepona alikuwa anatumia dawa gani nyingine? Sukari yake ilikuwa ngapi kabla, na ngapi baada, na ilipimwa akiwa amekula au hajala? Mara nyingi mazungumzo huishia kwenye swali la tatu, kwa kuwa mshauri naye alihadithiwa tu. Na yakiendelea, umepata habari za kumpelekea daktari.

Inafaa kujua kwa nini dawa hizo huonekana zimefanya kazi. Mtu anayeanza kunywa maji ya bamia, wiki hiyohiyo ameacha soda, amepunguza wali, anatembea jioni, na metformin anaendelea kumeza. Sukari ikishuka, sifa zote zinakwenda kwa bamia.

Tatizo halisi huja mitishamba inapokutana na vidonge. Karela inashusha sukari kiasi. Glibenclamide, kidonge kingine cha kisukari, nayo inalisukuma kongosho litoe insulini hata kama hujala. Ukinywa glasi ya karela asubuhi, ukameza glibenclamide, halafu ukachelewa kula kwa sababu daladala zimejaa, sukari inaweza kushuka chini ya 4.0 (namba zangu zote za sukari ya damu ni za mmol/L) ukaanguka kituoni. Anayetumia metformin peke yake hatari hiyo kwake ni ndogo zaidi, kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua jina la kidonge chako, si rangi yake. Maji ya bamia nayo, katika majaribio ya panya, yalipunguza kiasi cha metformin kinachoingia kwenye damu. Panya si mtu, lakini inatosha kukufanya usivinywe pamoja. Mdalasini wa kutia kwenye chai hauna neno. Vijiko vya unga wake kila siku kwa miezi ni jambo jingine, maana mdalasini wa aina ya kasia una kumarini, kemikali inayoweza kuumiza ini. Balungi linalosifiwa kwa kukata mafuta lisichanganywe na nifedipine ya presha wala simvastatin ya kolesteroli, kwa kuwa linazuia dawa hizo kuvunjwavunjwa na zinabaki nyingi mwilini.

Ogopa zaidi unga au kidonge kisicho na lebo kinachosifiwa kuwa "asilia asilimia mia". Mwaka 2008 nchini Singapore, watu 150 wasio na kisukari walilazwa kwa sukari kushuka vibaya, na wanne walikufa. Vidonge bandia na dawa za asili za kuongeza nguvu za kiume vilikutwa na glibenclamide ndani yake. Kwa hiyo unga unaoshusha sukari ndani ya siku moja usikufurahishe upesi. Kwa hapa Tanzania, mganga muulize namba yake ya usajili katika Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Aliyesajiliwa haoni haya kuionyesha.

Asali inahitaji maneno yake, kwa sababu inaletwa kwa heshima kubwa na imani kubwa. Kijiko cha chai cha asali kina sukari kama gramu 6, na kijiko hichohicho cha sukari nyeupe kina gramu 4, maana asali ni nzito. Tende tatu ndogo zina kama gramu 15. Vyote ni vyakula vizuri na vinaliwa kwa hesabu, ila havitibu kisukari.

Ukiona ushauri hauna hatari, daktari wako haupingi, na unataka kweli kujua kama unakufaa, upime. Kanuni ni kubadilisha kitu kimoja tu. Chagua mlo mmoja unaoweza kuurudia uleule, tuseme ugali, maharage na mchicha kwa vipimo vilevile. Nawa mikono kwa maji na sabuni, ikauke vizuri. Mtu aliyetoka kumenya chungwa, utomvu wa tunda ukiwa kidoleni, atasoma namba ya uongo. Toboa ubavuni mwa ncha ya kidole, na usikamue kwa nguvu. Pima kabla ya kula, kisha saa mbili tangu tonge la kwanza. Fanya hivyo siku tatu bila hicho kitu kipya na siku tatu ukiwa nacho, dawa zako zikiwa vilevile, uandike namba zote. Vijiti vya kupimia vikae kwenye kichupa chao kilichofungwa vizuri. Kwa unyevu wa pwani, kichupa kilichoachwa wazi huharibu vijiti kabla ya tarehe yake.

Usidanganywe na tofauti ndogo. Kiwango cha kimataifa kinaruhusu mashine hizi zipishane na maabara kwa asilimia 15, kwa hiyo 8.0 ya maabara inaweza kusomeka popote kati ya 6.8 na 9.2. Kushuka kutoka 8.6 hadi 7.9 mara moja hakujathibitisha kitu. Kwa watu wazima wengi lengo ni kati ya 4.4 na 7.2 kabla ya kula, na chini ya 10 saa mbili baada ya kula. Mzee sana au mjamzito hupangiwa namba zake.

Ushauri wa kupunguza hiki na kile mara nyingi una chembe ya ukweli, ila umepinda. "Kula dona tu" ni mfano. Dona ina nyuzinyuzi kuliko sembe, hilo ni kweli, lakini wanga wake ni karibu uleule, na mlima wa dona unapandisha sukari kama mlima wa sembe. Shika ukubwa wa ngumi yako, sahani nusu iwe mboga za majani. "Matunda hayana shida, ni sukari ya Mungu": tunda zima kipande kimoja, sawa. Glasi ya juisi ya embe, hata isiyotiwa sukari, ni zaidi ya gramu 30 za sukari zinazoshuka kooni kwa dakika mbili. Kwa wenye presha kuna hili la "chumvi mbichi ndiyo mbaya, ya kupika haina neno". Moto hauondoi chumvi. Kiasi cha siku nzima kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5, yaani kama kijiko kimoja cha chai, kikihesabiwa pamoja na iliyomo kwenye mkate, achari na viungo vya supu vya vipande. Chumvi ya mawe au ya rangi ya waridi nayo ni chumvi.

Kwenye harusi na misiba ushauri huja umeshapakuliwa. Hapo maneno hayasaidii sana, unasaidia mkono. Nenda upakue mwenyewe mapema: kachumbari na mboga kwanza zijaze nusu ya sahani, nyama au samaki robo, wali robo. Sahani iliyojaa haiongezwi kitu. Shika glasi ya maji, maana mkono mtupu ndio unaopewa soda. Chai ya chupa msibani kwa kawaida imeshatiwa sukari, kwa hiyo omba maji ya moto na majani yako kando. Ukisikia "kidogo tu hakina neno", jibu "nimeshiba mama, chakula kitamu", basi. Chumba cha msiba si mahali pa kufundisha kisukari.

Mwezi wa Ramadhani ushauri huwa "funga tu, kufunga ni dawa". Anayetumia glibenclamide au insulini asiamue hilo barazani. Aende kliniki wiki sita hadi nane kabla, dawa zipangwe upya kwa futari na daku. Na akiwa amefunga, sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.6, afungue. Kujitoboa kidole kupima hakubatilishi saumu, wanazuoni wengi wamelisema hilo.

Halafu kuna lile la "mbona umekonda hivyo, unaumwa nini?" Linasemwa mbele za watu, na nyuma yake kuna mawazo ambayo kila mtu anayajua. Linawarudisha wengi kwenye sahani za zamani ili wanenepe, wasisemwe. Kama uzito umepungua polepole na namba zako ni nzuri, jibu "napungua kwa mpango, namshukuru Mungu". Lakini ukiwa unakonda huku unakojoa mara kwa mara na kiu haikatiki, huyo msemaji amekusaidia: nenda ukapime kesho.

Anayekushauri kila siku, mpe kazi. Wengi wao wana hofu juu yako na hawajui waiweke wapi. Mwambie awe mwenzako wa kutembea nusu saa jioni, akununulie vijiti vya kupimia badala ya asali, akukague nyayo kila jioni kama macho yako hayaoni vizuri. Zaidi ya yote, mfundishe dalili za sukari kushuka: jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, kuongea ovyo, hasira zisizo na chanzo. Akiziona, akupe vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye nusu kikombe cha maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, akupime baada ya dakika 15, arudie kama bado iko chini ya 4, kisha ule chakula. Ukiwa umezimia asikumiminie kitu mdomoni, akulaze ubavu na akukimbize hospitali. Jirani aliyejua hayo anafaa kuliko kapu la majani.

Kwenye makundi ya WhatsApp usibishane na kila ujumbe. Ujumbe ukitaja kuacha dawa au insulini, andika sentensi moja tu: "Asiache mtu dawa kwa ujumbe huu, aulize kliniki kwanza." Hapo hujiandikii wewe peke yako, kuna mama humo ana mtoto anayechoma sindano.

Na ikiwa umeshaanza kutumia kitu ulichopewa, tuambie. Najua kwa nini watu wanaficha: wamewahi kugombezwa na watu wa kazi yangu mbele ya foleni, na hilo ni kosa letu sisi wa kliniki, tuliache. Jani lilete kwenye mfuko, au piga picha kichupa na maandishi yake. Taja umeanza lini, unatumia kiasi gani, saa ngapi, pamoja na kidonge kipi. Tutapima ini na figo tukiona haja. Tusipojua kilichoishusha sukari yako, tutakupunguzia dawa, na siku unga huo ukiisha sukari itapanda bila mtu kuelewa kwa nini.