Jibu: Je, tuzo ya uvumilivu ya UNESCO imetufikia?

Ndugu, umeuliza kama fedha ambazo tajiri mfadhili aliikabidhi UNESCO kwa ajili ya kukuza uvumilivu zimewahi kuwafaa watu wa kwetu Afrika. Zimewafaa, na tangu mwanzo kabisa. Mwaka 1995, Umoja wa Mataifa ulipoadhimisha Mwaka wa Uvumilivu, mwanadiplomasia na msanii wa India, Madanjeet Singh, alitoa mali yake ili ianzishwe tuzo ya dola 100,000, ambayo hutolewa kila baada ya miaka miwili na bado ina jina lake ingawa mwenyewe alifariki mwaka 2013. Mshindi wa kwanza, mwaka 1996, alikuwa Pro-Femmes Twese Hamwe, muungano wa vyama vya wanawake wa Rwanda waliokuwa wakijenga upya ujirani miaka miwili tu baada ya mauaji ya kimbari, wajane wa pande zote wakikaa pamoja. Kwangu mimi, hakuna uteuzi uliostahili kuliko huo. Baadaye walishinda Coexist Initiative ya Kenya, mwaka 2018, inayowashirikisha wanaume kupinga ukatili dhidi ya wanawake, kisha Centre Résolution Conflits (Kituo cha Utatuzi wa Migogoro) ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2020.

Ulisema pia kwamba uvumilivu ni kunyamazia uovu. Azimio la UNESCO la tarehe 16 Novemba 1995 linakataa tafsiri hiyo: linasema uvumilivu ni heshima kwa tofauti zetu, wala haumaanishi kustahimili dhuluma.