Linki inakufa maji yakifika nusu

Swali: Nimefunga linki ya redio ya gigahezi 5.8 kutoka Raskazone hadi ng'ambo ya ghuba, kilomita 5. Maji yakijaa, dishi moja liko mita 12 juu ya bahari, jingine mita 8. Hakuna kizuizi, lakini wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mawasiliano hukatika mara nne kwa siku, na wakati wa maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu, hali ni mbovu karibu kutwa. Niongeze nguvu? (Fundi, Tanga)

Jibu: Ndugu fundi, usiongeze nguvu, wala usinunue dishi kubwa. Kinachokuangusha ni bahari yenyewe. Wimbi la redio linafika mara mbili: moja kwa moja, na kwa kugonga maji kwanza. Kwa pembe ndogo hivyo, kama robo ya digrii, maji hulirudisha karibu lote, tena limepinduliwa: kilele kimekuwa bonde. Basi njia ya pili ikizidi ya kwanza kwa urefu mmoja kamili wa wimbi, yanafutana. Ikizidi kwa nusu, yanasaidiana.

Kupata ziada ya njia ya pili, zidisha vimo viwili vya madishi, mara 2, gawa kwa umbali. Maji yakijaa: 2 × 12 × 8 ÷ 5,000, yaani sentimita 3.8. Wimbi lako lina sentimita 5.2. Maji yakipwa mita 1.5, vimo ni 13.5 na 9.5, ziada sentimita 5.1. Shimo, yaani mahali mawimbi yanapofutana, liko hapo. Bamvua hulipita mbio. Maji mafu hucheza papo hapo. Mviringo wa dunia hulisogeza kama sentimita 40, kwa hiyo andika nguvu ya mawimbi ya redio kila dakika 10 pamoja na saa za maji, utaliona.

Dishi la sentimita 60 linaona digrii 6 hivi. Litatenganishaje njia zilizoachana robo ya digrii? Kuligeuza ili wimbi litikisike wima badala ya mlalo ni kupoteza mchana. Hata bahari ikichafuka nusu mita, kwa pembe hiyo bado ni kioo.

Shusha antena zote mbili mita 4. Mafundi wengi hukataa kusikia hili, maana tumezoea kupandisha. Lakini ziada itakuwa sentimita 1.3 maji yakijaa na 3.1 yakipwa mita 3, 5.2 haifikiwi. Chunga tu upande wa mita 4: jahazi likipita karibu, tanga litakata njia. Ikiwa hilo haliepukiki, acha madishi yalipo, ongeza la pili kwenye mlingoti wa mita 12, mita 7 chini ya la kwanza, na redio inayochagua lenye mawimbi bora.