Kuanza kutengeneza shanga za kioo kwa vifaa vya kubuni

Karibu kila anayetaka kuanza kutengeneza shanga za kioo huuliza kwanza anunue tochi gani. Mimi ningependa aanze na swali jingine: ushanga ukishatoka motoni, utapoa wapi? Kuyeyusha kioo si kazi kubwa ukiwa na moto wa kutosha. Lakini ushanga utakaovaliwa miaka na miaka na ule utakaopasuka wenyewe mezani usiku uleule huonekana sawasawa siku ya kwanza. Tofauti yao ni namna ulivyopozwa. Kwa hiyo buni vifaa kadiri uwezavyo, ila usibahatishe kwenye gesi, kwenye hewa unayovuta, wala kwenye upoaji.

Tochi ya gesi wanayotumia mafundi bomba kuchomelea mabomba ya shaba inatosha kabisa kwa kuanzia. Inavuta hewa ya kawaida badala ya oksijeni ya mtungi, hivyo inayeyusha polepole, na ushanga wa kipenyo cha milimita 10 au 12 ndio saizi yake. Usiishike mkononi. Ifunge imara mezani, mdomo ukitazama mbele na juu kidogo, ili mikono yote miwili iwe huru: mmoja ushike kioo, mwingine uzungushe kijiti. Mtungi ukae wima. Mpira wa gesi na vali nunua vipya, vya aina inayooana na mtungi wako, na kila unapounganisha paka maji ya sabuni kwenye maungio. Povu likitokea, funga gesi urekebishe kabla hujawasha kiberiti. Meza funika kwa vigae au bamba la chuma, vaa nguo za pamba, funga nywele, na fungua madirisha huku feni ikitoa hewa nje, kwa sababu moto wa gesi kwenye chumba kilichofungwa huzalisha kaboni monoksidi, gesi yenye sumu ambayo haina harufu.

Kijiti ndicho ushanga unachozungushiwa, na unene wake ndio unaoamua tundu. Fimbo za kuchomelea za chuma kisichoshika kutu, zile zisizo na ganda la dawa, zinafaa sana katika unene wa milimita 1.6 hadi 2.4. Spoki za baiskeli nazo zinafaa, lakini si zote. Nyingi zimepakwa zinki, na zinki ikiungua hutoa moshi mweupe unaoleta homa na maumivu ya kifua. Chukua sumaku: spoki isiyoshika kutu huvutwa kidogo sana au haivutwi kabisa, na ile ya zinki hunasa papo hapo. Inayonasa usiipeleke motoni, hata kama imebaki peke yake.

Kijiti kikwaruze kwa msasa kisha ukichovye kwenye udongo wa kuzuia kioo kisigande. Udongo huo unaweza kuuchanganya mwenyewe: kaolini (udongo mweupe wa ufinyanzi) na unga wa alumina (oksidi ya alumini) kwa vipimo sawa, ongeza maji hadi upate uzito wa uji mwepesi. Chovya mara moja, simamisha kijiti, acha kikauke chenyewe. Tabaka likiwa nene litabanduka ukiwa katikati ya kazi, likiwa jembamba mno ushanga utang'ang'ania chuma na hutautoa bila kuuvunja. Hapa tenga muda wa kujaribu, maana kila kaolini ina tabia yake. Unapopima unga mkavu vaa barakoa nzuri.

Vya kuundia umbo tayari unavyo: kisu butu cha meza, kibano cha chuma, kijiko kisichoshika kutu, kipande cha bamba nene cha kubingirishia. Miwani ndiyo ningekusihi ununue. Kioo chenye sodiamu kikiingia motoni hutoa mwanga mkali wa njano unaokuficha kazi, na lenzi maalumu ziitwazo didimiamu huuchuja. Miwani ya jua haifanyi kazi hiyo.

Sasa kioo chenyewe. Chupa tupu zinafaa, na rangi zake ni nzuri kuliko watu wanavyodhani. Loweka, bandua karatasi zote, osha, kausha, funga kwenye kitambaa kizito ndipo uvunje kwa nyundo ukiwa umevaa miwani ya kinga. Kioo cha chupa kimetengenezwa kigande haraka kwenye mashine za kiwandani, kwa hiyo hakikupi muda mrefu wa kukichezea. Fanya maumbo rahisi, urudi motoni mara kwa mara. Kipande kisitiwe motoni ghafla, kitapasuka na kukurushia chembe. Kipitishe kwanza mbali na mdomo wa tochi, ukikiingiza na kukitoa, hadi ncha ianze kung'aa rangi ya chungwa. Ndipo uikamate kwa kibano na kuivuta taratibu iwe fimbo nyembamba utakayofanyia kazi. Fanya kazi mbali kidogo na kiini cha buluu cha moto. Moto wa njano unaotoa masizi huacha doa la kijivu kwenye kioo.

Kosa linalowavunja moyo wengi ni kuchanganya vioo. Kila kioo hutanuka na kusinyaa kwa kiwango chake. Kioo laini cha Italia (yaani kinachoyeyuka kwa urahisi) kinachotumiwa na mafundi wa shanga kina kipimo cha kutanuka cha 104, kioo cha chupa kiko karibu na 90, na kile cha vyombo vya maabara kiko karibu na 33. Ukiviunganisha, kimoja kitavuta mwenzake hadi ushanga upasuke, pengine baada ya wiki kadhaa. Kuna kipimo kisichohitaji chombo chochote: yeyusha vipande viwili ubavu kwa ubavu, vishikane vizuri, kisha uvivute kuwa uzi mrefu mwembamba, uache upoe. Uzi ukibaki umenyooka, vinakaribiana. Ukipinda kama upinde, usivichanganye. Kwa mwezi wako wa kwanza njia salama zaidi ni ushanga mmoja kutoka chupa moja.

Kama tochi haipatikani, bado kuna njia. Wakrobo wa Ghana husaga chupa kuwa unga, huujaza kwenye kalibu za udongo zilizopakwa kaolini, na katikati husimamisha kikonyo cha jani la mhogo. Tanurini unga hushikana, kikonyo huungua na kuacha tundu. Kwa mtu mvumilivu naipenda njia hii kuliko tochi, mradi asisage kioo kikavu bila barakoa, kwani vumbi lake huharibu mapafu.

Turudi kwenye kupoza. Ushanga ukikamilika usubiri hadi mng'ao uishe, kisha uuzike kwenye vermikulaiti (chembe nyepesi za madini zinazotunza joto) au majivu makavu yaliyopashwa moto. Usiuguse hadi siku ya pili. Kioo chenye nyuzi joto 400 hakina dalili yoyote ya moto kwa macho, na ndicho kinachounguza vidole. Lakini majivu yanachelewesha tu upoaji, hayaondoi mkazo uliomo ndani. Mkazo huondolewa tanurini. Kwa kioo cha chupa ni takriban nyuzi 540 hadi 550, kwa kile laini cha Italia takriban 510 hadi 520. Shanga ndogo zikae hapo nusu saa hivi, kisha joto lishushwe polepole, nyuzi 50 au 60 kwa saa, hadi lipite chini ya 370, ndipo uzime tanuri na kuacha lipoe likiwa limefungwa. Huhitaji tanuri lako mwenyewe. Shanga zilizopoa salama kwenye majivu unaweza kuzikusanya na kuzipeleka zote pamoja kwa mfinyanzi mwenye tanuri la umeme lenye kipimajoto.

Zikitoka, loweka, zungusha kijiti hadi ushanga uachie, na usafishe tundu kwa tupa ndogo ya mviringo ndani ya bakuli la maji ili vumbi la udongo lisiruke.

Kisha pima kazi yako. Washa skrini bapa ya kompyuta iwe nyeupe tupu, shika mbele yake lenzi ya miwani ya jua yenye kichujio cha polaraizi (polarized), uizungushe hadi skrini ionekane nyeusi. Weka ushanga angavu katikati ya skrini na lenzi. Ukibaki mweusi kama skrini, umepoa vizuri. Ukiona mabaka ya mwanga, hasa kuzunguka tundu, mkazo bado upo: urudishe tanurini kwenye kundi linalofuata, na kabla ya hapo usiuuze wala usimpe mtu auvae.