Viza ya Ujerumani haifiki London. Mdogo wangu, usikate hiyo tiketi

Sina muda wa mbukwa wala habari za asubuhi. Mleta uzi, funga kwanza huo ukurasa wa tiketi ndipo uendelee kusoma.

Umeandika kwamba wewe ni binti wa Kisasa, hapa hapa Dodoma, umefika Bavaria, Ujerumani, juzi juzi kufanya kazi ya au pair (kulea watoto wa familia unayoishi nayo kwa posho), na Jumamosi hii wewe na wenzio, Mbrazili na Mmarekani, mnalipia safari ya London wikendi ya Pasaka. Umeuliza maswali kibao: miji gani mizuri ya kutembea na marafiki, ubebe hela kiasi gani, mama wa watoto umwombeje ruhusa, mlale wapi, begi la aina gani. Halafu katikati ya yote hayo umechomeka kijineno kimoja, kwamba wakala wako alisema viza ya Ujerumani "inafungua Ulaya yote".

Wadau waliokujibu juu hapo wanakutajia maduka ya London. Hivi mmesoma alichoandika au mmeona neno London mkapagawa?

Haifungui Ulaya yote. Inafungua nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zilizokubaliana kuondoa ukaguzi kwenye mipaka kati yao, ambazo sasa hivi ni 29. Ukiwa na viza ya D (ile ya kukaa muda mrefu) au kadi ya ukaazi ya Ujerumani iliyo hai, unaruhusiwa kutembelea zile nchi nyingine kwa siku 90 ndani ya kila siku 180. Austria nenda. Ufaransa, Italia, Cheki, Uholanzi, nenda. Uswisi haimo kwenye Umoja wa Ulaya lakini Schengen imo, nenda. Uingereza haimo. Na msinidanganye kwamba ni kwa sababu walijitoa Umoja wa Ulaya Januari 2020, hata walipokuwa ndani hawakuwahi kuingia Schengen. Ireland nayo iko Umoja wa Ulaya mpaka leo, na Schengen haimo. Tiketi ya basi la Singida haikufikishi Arusha hata kama konda ni mjomba wako.

Najuaje? Nilipigwa hapo hapo unapotaka kupigwa wewe.

Nilikuwa kwenye mji mdogo upande wa Augsburg, nalea watoto wawili wasiokula kitu chenye rangi ya kijani. Posho ni ile ile ya au pair wote wa Ujerumani, euro 280 kwa mwezi, kama laki nane hivi za kwetu. Ukiwa Dodoma unasikia laki nane unajiona umefika. Ukifika kule unakuta hiyo ndiyo vocha, ndiyo mafuta ya nywele, ndiyo nauli, na ndiyo Mpesa ya mdogo wako anayetaka viatu vya shule. Sasa mimi katika hiyo posho nikatoa nauli ya ndege ya bei chee kwenda na kurudi, nikatoa hela ya begi (bei chee yao haina begi), nikatoa mchango wangu wa nyumba ya kulala isiyorudishwa hela, nikatoa na kiingilio cha lile gurudumu kubwa la kando ya mto. Yote nililipa mapema ili tupate punguzo. Tulilipata punguzo, sikatai.

Tukafika uwanjani alfajiri, kile kiwanja kidogo ambacho kahawa yake ni bei ya kuku mzima wa Majengo. Raia wa nje ya Ulaya lazima mpite kaunta nyaraka zikaguliwe kabla ya kupanda. Mbrazili wangu kapita, kagongewa muhuri kwenye karatasi yake. Mwenzetu wa pili kapita. Mimi nikatoa pasipoti nikitabasamu. Dada wa kaunta akaifungua, akaiona viza ya Ujerumani, akafunua ukurasa unaofuata. Akafunua mwingine. Akarudi nyuma mpaka mwanzo, akaanza kufunua upya taratibu, ukurasa kwa ukurasa, na kurasa zangu zote zilikuwa nyeupe peee. Akauliza viza ya Uingereza iko wapi. Nikamwonyesha ile ya Ujerumani kwa kidole, kwa kujiamini kabisa, nadhani nilimwonea hata huruma kwamba hajaiona.

Alikuwa mpole lakini hakulegea, na baadaye nikaelewa kwa nini. Shirika la ndege likimfikisha Uingereza mtu asiye na nyaraka linaweza kupigwa faini ya pauni 2,000 kwa kila kichwa. Sasa wewe mtu umekata tiketi ya euro thelathini na kitu, nani akubebee faini ya pauni 2,000? Lia, piga magoti, taja jina la askofu wako, hupandi.

Wenzangu nikawaambia nendeni. Wakajifanya kusita kama nusu dakika hivi, wakaenda. Basi la kurudi lilikuwa bado sana. Nikakaa kituoni na mzigo wa ubuyu niliokuwa nimembebea mama mdogo anayeishi London, nikaufungua, nikaula. Polisi wa uwanja wakapita wakakuta mwanamke mweusi peke yake anafuta machozi na vidole vyekundu mpaka kwenye viwiko. Waliniangalia sana. Nikawakaribisha, hawakutaka.

Hela haikurudi hata senti. Ndege: kuwa na nyaraka ni jukumu la abiria. Nyumba: tumekwambia hairudishwi. Gurudumu: pole. Mwezi ule nilikaa ndani wikendi zote nikitazama picha za Mbrazili akiwa kwenye daraja. Akaniweka na alama ya moyo, eti "tulikukumbuka".

Sasa huyo wakala. Wangu alikuwa na ofisi ya ghorofani hapa mjini, feni inalia kuliko inavyopuliza, ukutani kabandika mnara wa Eiffel. Alinitoza hela ya kujaza fomu ambazo nilizijaza mwenyewe, akanitoza na "ushauri wa maisha ya Ulaya". Ushauri wenyewe ulikuwa nibebe sweta. Na hiyo sentensi, mdogo wangu, hiyo hiyo uliyoinukuu wewe, neno kwa neno, ndiyo aliyoniambia. Nilipompigia kutoka Ujerumani akaniuliza kwani London siku hizi haiko Ulaya? Nikakosa la kumjibu, maana kijiografia jamaa hajakosea! Watu wa hivi hawajawahi kukanyaga hata Namanga lakini wanakupangia mipaka. Usimpigie kumuuliza tena. Atakuhakikishia, na uhakika ndiyo bidhaa pekee anayouza.

Lakini wakala simwachii lawama yote, wenzio nao ni hatari, tena hawana nia mbaya. Nilimuuliza Mbrazili wangu, hivi London viza inahitajika? Akajibu hapana. Ni kweli, YEYE haihitaji. Mbrazili na Mmarekani wanaingia kutembea bila viza, siku hizi wanaomba tu kibali cha mtandaoni kinachoitwa ETA, wanajaza kwenye simu, wanalipa pauni chache, wamemaliza. Nina hakika kesho watakutumia kiungo cha hiyo ETA wakwambie "jaza na wewe, ni dakika kumi". USIJAZE. Pasipoti ya Tanzania haimo kwenye hiyo ETA. Sisi tunatakiwa viza kamili ya mgeni: fomu ndefu, alama za vidole, taarifa za benki, barua ya familia unayoishi nayo, ada inayozidi pauni 120 ambayo wakikukatalia hairudi, na majibu kwa kawaida huchukua wiki tatu hivi tangu uwasilishe vidole. Unaweza kuomba ukiwa huko huko Ujerumani kwa kuwa unaishi kihalali, si lazima urudi Dar. Ila jiulize kama siku mbili za kupiga picha na basi jekundu zinastahili hiyo hesabu. Kwa posho ya 280? Mimi nasema hapana, na shangazi yako angekuwa hapa angesema hapana.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela yoyote, soma pasipoti YAKO. Usisome ya Mbrazili, na la wakala usilisikilize, wala la mimi dada yako wa mtandaoni. Fungua tovuti ya serikali ya nchi unayokwenda, chagua Tanzania kwenye orodha ya uraia, soma, ndipo utoe kadi. Nchi ikisema viza, ni viza.

Na usidhani ndani ya Schengen ndiyo pasipoti unaiacha kabatini. Chukua mfano Salzburg, ambayo iko Austria na kwa wewe wa Bavaria ndiyo safari rahisi kuliko zote. Mkiwa kikundi mnakata Bayern-Ticket moja, tiketi ya siku ya treni za mikoani za Bavaria, inabeba hadi watu watano na inafika mpaka stesheni kuu ya Salzburg. Wikendi inaanza kufanya kazi usiku wa manane, siku za kazi inaanza saa tatu asubuhi. Mnakula, mnapiga picha ile ngome ya mlimani, jioni mnarudi. Lakini kwenye kurudi, mpaka ule Wajerumani wameukagua tangu 2015. Polisi wanapanda treni pale Freilassing, wanapita behewa kwa behewa, na kwa rangi yetu usitegemee watakuruka. Pasipoti halisi na kadi ya ukaazi, vyote viwili, mkononi. Picha ya pasipoti kwenye simu ni mapambo. Na kama viza yako imeshakwisha na ofisi ya wageni imekupa karatasi ya muda tu huku kadi ikisubiriwa, usivuke mpaka wowote mpaka uwaulize wao kama karatasi hiyo inakurudisha ndani. Zipo zinazorudisha na zipo zisizorudisha, na kwa macho zinafanana.

Kama unatembea peke yako kuna ile tiketi ya mwezi ya nchi nzima, Deutschlandticket. Ilianza Mei 2023 kwa euro 49, ikaenda 58, mwaka huu wa 2026 ni 63. Ni kwa treni za mikoani, ICE, yale matreni ya kasi, usipande nayo, faini ni kuanzia euro 60 na konda hajali kwamba umechanganya mlango. Inajikata yenyewe kila mwezi, kuisitisha mwisho ni tarehe 10. Nürnberg, Regensburg, Füssen kwenye lile kasri la Neuschwanstein, kote huko inafika.

Ruhusa ya mama: masaa yako ya kazi mwisho ni 30 kwa wiki, mapumziko ni siku moja na nusu kwa wiki, na Jumapili inayolazimika kuwa yako ni angalau moja kwa mwezi. Yaani si kila wikendi ni yako, wakala akikwambia zote ni zako, huo nao ni uongo. Pasaka watoto hawaendi shule, muulize leo.

Sasa nenda kamtumie Mbrazili meseji kabla ya Jumamosi, mwambie Pasaka ni Salzburg au Vienna. Halafu fungua ile stika ya viza, mstari wa juu kabisa, unaosema inatumika wapi, uje utuandikie hapa imesemaje. Ukiweka picha, funika jina na namba ya pasipoti, humu ndani mawakala nao wanasoma.