Nijitolee vipi kama mwanasaikolojia kwa waliokumbwa na mafuriko ya Sabaki?

Dadangu, umeuliza kama wewe na wenzako wanasaikolojia mnaweza kushuka Malindi wikendi hii mkawasikilize waliohamishwa na mafuriko ya Mto Sabaki. Karibuni, ila msije kivyenu. Pitieni kwa Msalaba Mwekundu na kwa chifu mpangiwe kazi, na mbebe vyeti. Tangu 2014 taaluma yetu ina sheria yake hapa Kenya.

Lile wazo la kuwakusanya watu kila mmoja asimulie yaliyompata, liacheni kabisa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2011, ule wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, haumlazimishi mtu kusimulia. Unataka uangalie, usikilize, kisha umuunganishe na msaada. Kambini maana yake ni ukae mkekani na mama aliyepoteza mbuzi, mahindi na kitambulisho, umuulize leo anahitaji nini. Akisema kitambulisho, fuatana naye kwa chifu. Ndiyo tiba ya siku hiyo, hata kama chuoni hukufundishwa. Akinyamaza, nyamaza naye.

Upande wa Magarini, jirani na Malindi, wazee wengi husema Kigiriama, kwa hivyo tafuteni mkalimani wa hapo hapo, wala asiwe mtoto wa huyo anayezungumza nanyi. Na picha za kuweka Facebook, tafadhalini, msipige hata moja.

Wengi hutulia wenyewe wakipata usalama na jamaa zao. Anayekesha wiki baada ya wiki, au anayetaja kujiua, mpelekeni hospitali. Kabla ya kuondoka waachieni pia nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu. Kupiga ni bure.